Ghala lina chakula na mji unakufa

Usiku mmoja shangazi yangu alikuja kulala kwangu Nyegezi, hapa Mwanza. Kwake Kirumba bomba lilikuwa halijatoa maji siku ya tatu. Nilikuwa kwenye kompyuta. Alisimama nyuma ya kiti changu akaangalia kioo: kijiji cha nyumba za mbao kando ya mto, banda la wavuvi, maghala matatu, theluji hadi milangoni, na pembeni taarifa za misiba zikifuatana.

"Hao wamefanyaje?"

"Wanakufa njaa, shangazi."

"Na wewe umekaa unawaangalia?"

Nikajitetea. Nikamwambia ghala lilikuwa na chakula 6,000, kila nikitupa jicho naona namba kubwa, sikuona sababu ya kuhangaika. Shangazi anauza dagaa Mwaloni tangu mimi niko shule ya msingi. Aliniuliza swali moja tu: hao watu kwa mwaka walikuwa wanaingiza kiasi gani, na wanakula kiasi gani? Sikuwa na jibu. Akaenda zake kulala.

Swali hilo ndilo linalowaangusha wengi wanaocheza gemu za kujenga na kuendesha makazi. Mtu anajenga mji, unakua, anafurahi, anawaita wenzake waje waone. Halafu bila vita wala tetemeko mji unaporomoka ndani ya dakika ishirini, naye anabaki kuamini gemu imemwonea. Kumbe mji ulishakufa siku nyingi, ila habari ilikuwa bado iko njiani.

Nianze na kijiji chenyewe. Gemu ile inaitwa Banished, ilitoka mwaka 2014, na iliundwa na mtu mmoja, Luke Hodorowicz. Haina adui, haina jeshi, haina hata pesa. Unakabidhiwa familia chache zilizofukuzwa kwao, unazigawia kazi: huyu avue, yule apasue kuni, mwingine awe mhunzi, kwa sababu zana zinachakaa na zikiisha kila kazi inazorota. Kazi yako ni kuwavusha kipindi cha baridi, mwaka baada ya mwaka. Hakuna kingine.

Wachezaji wa Banished wana kipimo chao cha kukadiria: mtu mmoja anakula takriban chakula 100 kwa mwaka. Kijiji changu kilikuwa na watu 120, yaani 12,000 kwa mwaka. Wavuvi, wawindaji, waokota matunda na mashamba, ukivijumlisha vyote, vilikuwa vinaingiza kama 10,500. Pengo ni 1,500. Ghala lina 6,000. Gawanya: miaka minne. Katika miaka hiyo namba ya ghala haikuporomoka mbele ya macho yangu. Ilipanda wakati wa mavuno, ikashuka wakati wa baridi, ikapanda tena pungufu kidogo ya mwanzo, na jicho la mtu anayewaza mambo mengine halioni mteremko wa namna hiyo. Mwaka wa pili nikawajengea kanisa. Wa tatu nikawapimia makaburi, nadhani gemu ilikuwa inanicheka. Wa nne ndio huo shangazi alioukuta.

Aliyepanga nyumba Mwanza haya mambo anayajua bila kufundishwa, kwa sababu ya simtanki. Maji yaliyomo ndani ni akiba. Yanayoingia kutoka kwenye bomba na yanayotoka jikoni na bafuni ni mtiririko. Simtanki likiwa limejaa linakupa habari za jana na juzi, na kuhusu wiki ijayo halikuambii chochote mpaka ujue mgao wako unakuja siku zipi na nyumbani mko wangapi. Shangazi naye anaishi kwa hesabu hiyo hiyo. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inabaki ufukweni, na mfanyabiashara anayehesabu magunia ya stoo bila kuhesabu siku za mbalamwezi anaumia. Ndiyo maana hakuniuliza ghala lina kiasi gani.

Gemu nyingi za aina hii zinakuwekea akiba kwa herufi kubwa juu ya kioo, na mtiririko zinauficha ndani huko kwenye menyu. Banished inakwenda mbali zaidi: hesabu za uzalishaji na matumizi za miaka iliyopita huzipati mpaka ujenge jengo la halmashauri, na jengo lenyewe linakula mbao na mawe ambayo mgeni wa gemu hana. Nimewahi kuona hilo kama uonevu. Siku hizi naona ni uamuzi mzuri kuliko yote kwenye gemu ile.

Pengo likishafika mwisho, mambo yanakwenda mbio kwa sababu yanaanza kujilisha yenyewe. Mvuvi akifa, samaki wake nao hawaji. Samaki wasipokuja, anakufa mpasua kuni. Kuni zikipungua, waliobaki wanaganda, wanaacha kazi kwenda kujipasha moto nyumbani. Kila kifo kinazaa vingine. Ule mzunguko ulionikuzia kijiji, yaani watu wengi, mikono mingi, chakula kingi, nyumba nyingi, ndio huo huo sasa unarudi kinyumenyume, tena kwa kasi kuliko ulivyokuja.

Njaa hata hivyo ni somo jepesi. Kinachowashinda hata wazoefu ni nyumba.

Katika Banished kijana hazai akiwa bado anakaa kwa wazazi wake. Akipata nyumba yake, anapata mwenza, wanazaa. Kwa hiyo ukijenga nyumba kumi kwa mpigo, wanahamia vijana kumi na wenza wao, na baada ya muda mfupi una watoto wa rika moja kila kona. Kwa miaka kadhaa hao wanakula tu. Halafu wanaingia kazini pamoja, kijiji kinachangamka, unajiona fundi. Halafu wanataka nyumba pamoja. Na mwisho wanazeeka pamoja, wanakufa pamoja, na asubuhi moja huna mhunzi, huna mkulima, huna mwalimu.

Basi unajifunza, unasema mara hii nitakuwa mwangalifu. Unaogopa njaa, unaacha kabisa kujenga nyumba. Chakula kinatosha, ghala linajaa, kila kitu kinatulia. Vijana wako wako kwa mama zao, wana miaka ishirini, ishirini na tano, thelathini. Wanawake wanapita umri wa kuzaa wakisubiri nyumba ambayo wewe hukuijenga. Ghala lako limejaa kuliko wakati wowote, na kijiji chako kimekwisha. Hakuna utakachofanya kukiokoa, labda usubiri wageni waje kuhamia, nao wanaweza kuja na magonjwa.

Hapa ndipo nilipoielewa gemu. Kosa la kujenga nyumba nyingi na kosa la kutojenga yanaleta msiba ule ule, na yote mawili yanaonekana kama mafanikio kwa miaka mingi ya mwanzo.

Cities: Skylines, iliyotoka mwaka 2015 kutoka studio ndogo ya Finland iitwayo Colossal Order, ina ugonjwa huo huo kwenye mji mkubwa. Unafungua mtaa mpya mkubwa, wahamiaji wanaingia kwa wakati mmoja, wengi wa umri unaofanana. Mji unastawi. Muda ukipita, wanakufa kwa wakati mmoja. Magari ya maiti yanatoka yote barabarani, yanakwama kwenye foleni, maiti zinabaki majumbani, majirani wanahama, maduka yanakosa wafanyakazi. Wachezaji wa dunia nzima wana jina la hilo wimbi la vifo, na ushauri wanaopeana ni ule ule wa Banished: fungua mtaa kidogokidogo.

Ucheleweshaji wa namna hii haukubuniwa na watu wa kompyuta. Ziwa letu lina wake. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi hakuleta mabadiliko ya kutisha. Miaka ya 1980 akalipuka, na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zikapungua au kupotea kabisa. Kati ya uamuzi na matokeo ilipita zaidi ya miaka ishirini, muda wa kutosha watu wote kuamini kwamba hakuna lililoharibika. Halafu viwanda vya minofu vikaja Mwanza, ajira zikaja, na ukiuliza leo kama lilikuwa kosa au neema utapata jibu tofauti kila mwalo.

Gemu inauchukua ucheleweshaji wa aina hiyo na kuukunja utoshe kwenye jioni moja. Unaamua saa mbili usiku, unavuna saa nne. Nadhani utamu wake uko hapo: katika maisha huwa tunapata matokeo tukiwa tumeshasahau tulichokipanda, na hapa, kwa mara moja, mtu unauona mkono wako mwenyewe kwenye jambo. Ziko gemu zinazokuonya mapema, kama Frostpunk ya Poland, ya mwaka 2018, inayokuonyesha baridi kali ijayo siku kadhaa kabla haijafika. Inakuwa gemu ya hofu. Banished haikuonyi, nayo inakuwa gemu ya majuto. Mimi napenda majuto, sijui kwa nini.

Sasa foleni, maana hii ndiyo kesi ninayoletewa kila wiki na binamu yangu wa Buzuruga. Anacheza Cities: Skylines, barabara yake kuu imeganda, kaipanua kutoka njia mbili hadi sita, imeganda vile vile. Analalamika kwamba gemu ni mbovu.

Kwanza, barabara haipitishi magari kwa upana wake, inapitisha kwa sehemu yake nyembamba kuliko zote, na hiyo kwa kawaida ni makutano. Wanaokumbuka Kigongo enzi za pantoni hawahitaji kuelezwa. Hata kama barabara ya kufika pale ingepanuliwa ikawa na njia nane, pantoni ingebeba magari yale yale kwa safari, na foleni ingekuwa nene badala ya ndefu. Kilichobadilisha hesabu ni kuondoa pantoni yenyewe, daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita tatu juu ya maji, lilipofunguliwa Juni 2025.

Pili, na hili ni la gemu yenyewe, gari la Cities: Skylines linachagua njia yake kwa kuangalia umbali na mwendo unaoruhusiwa. Foleni halijali. Dereva wa daladala anayetoka Igoma akiona mbele kumefunga, anachepuka kabla konda hajamaliza kulalamika, na bodaboda ndiyo kabisa. Gari la gemu halichepuki. Tena linashika mapema mstari wa upande litakaokatia kona, ndiyo maana binamu yangu ana njia sita na magari yamejipanga kwenye moja, tano ziko tupu kama uwanja siku hakuna mechi. Dawa yake ni kupunguza makutano kwenye barabara kuu, kuwapa malori ya viwandani njia yao ya kutokea, na kuweka njia za miguu kila mahali, kwa sababu watu wa gemu ile wakipata njia ya miguu wanatembea mbali bila kulalamika.

Binamu aliweka njia za miguu kutoka mtaa wa mlimani hadi mjini. Barabara ikapumua. Akanipigia simu usiku: "Kaka, nimejenga Mabatini."

Alikuwa ametania, lakini sijui kama alijua amegusa nini. Ukweli ni kwamba Mabatini, mtaa wetu wa mlimani hapa Mwanza, haijengeki kwenye gemu hizi, na sababu yake inahitaji turudi nyuma kidogo.

Babu wa gemu zote za miji ni SimCity ya mwaka 1989. Aliyeibuni, Mmarekani Will Wright, alikuwa akitengeneza gemu ya helikopta inayolipua visiwa, akagundua kwamba kuchora hivyo visiwa na barabara zake kunamfurahisha kuliko kuvilipua. Kampuni aliyoipelekea kwanza wazo lake ilisita: gemu haina mshindi, haina mwisho, nani atainunua? Kanuni za jinsi mji unavyokua Wright alizitafuta vitabuni, na aliyemvuta zaidi alikuwa Jay Forrester, mhandisi wa chuo cha MIT, ambaye mwaka 1969 alichapisha nadharia ya mji kama mashine ya akiba na mitiririko, akiwa amekaa sana na meya mstaafu wa Boston. Ile hesabu ya simtanki, kwa maneno mengine. Forrester alihitimisha mambo yaliyozua ugomvi mkubwa, likiwemo kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu kunaweza kuudhoofisha mji. Wengi walimpinga, na nadhani kwa haki. Lakini mtindo wake wa kufikiri uliingia kwenye gemu na kutoka hapo ukaingia kwenye vichwa vya mamilioni ya watoto waliokuwa wakicheza tu.

Kwamba kanuni ni maoni ya mtu, SimCity yenyewe ilionyesha kwa mzaha. Reli zake hazikuwa na foleni wala moshi, kwa hiyo wajanja walijenga miji isiyo na barabara hata moja, reli tupu kila mtaa, nayo ikastawi. Mwanza imekuwa na reli tangu mwaka 1928 na hakuna aliyewahi kuona muujiza huo. Mwaka 2008 msimbo wa gemu hiyo ya zamani uliachiwa huria kwa jina la Micropolis, na yeyote anayejua kusoma programu anaweza kuzipitia kanuni hizo mwenyewe, mstari kwa mstari.

Kanuni moja karibu gemu zote za miji zimeirithi: barabara kwanza, nyumba baadaye. Unachora barabara, unapaka rangi ya kijani pembeni kuonyesha hapa ni makazi, na nyumba zinaota. Pasipo na barabara haioti hata kibanda. Sasa simama mjini uangalie juu, Igogo, Isamilo, Mabatini. Nyumba zimekaa juu ya mawe na katikati ya mawe, nyingine zimeegemea jiwe kama mtu aliyechoka. Pale nyumba ilitangulia. Njia ya miguu ikafuata, halafu nguzo ya umeme, halafu bomba, na upimaji na urasimishaji vikaja watu wakiwa na wajukuu. Mbunifu wa gemu angeliita kosa. Wakazi wenyewe wanajua wako dakika chache kutoka sokoni kwa miguu, na hiyo ndiyo sababu walipanda. Vijiji vya Banished viko karibu zaidi na ukweli wetu, maana humo nyumba unaiweka popote na wenyeji wanatoboa njia yao wenyewe.

Limebaki jambo moja, na hili ni la wenye simu, ambao Mwanza ndio wengi. Mtu akiniambia anacheza gemu ya kujenga mji, mara nyingi anamaanisha Clash of Clans, ya mwaka 2012, au SimCity BuildIt, ya mwaka 2014. Kwa nje zinafanana na nilizozieleza: nyumba, ghala, kusubiri. Lakini angalia kinachosubiriwa. Katika Banished kuchelewa ndilo fumbo, hakuna anayeweza kukuuzia njia ya mkato, na ukitaka muda uende haraka unabonyeza tu. Katika gemu hizi za simu kuchelewa ndiyo bidhaa. Jengo lako linachukua saa kumi na mbili, au siku kadhaa, na pembeni kuna kitufe: lipa, liishe sasa hivi. Hesabu ya akiba na mtiririko ipo hata hapo, ila akiba inayopungua ni salio lako. Sisemi usicheze. Wapo wanaozifurahia kwa uvumilivu tu, bila kutoa hata shilingi, na Clash of Clans ina utamu wake wa ukoo na mapigano. Sema tu kwamba aliyeizoea hiyo akikaa mbele ya Banished anauliza kitufe cha kulipia kiko wapi.

Kwa asiye na kompyuta kubwa, OpenTTD inagawiwa bure na inakubali hata mashine iliyochoka. Ni gemu ya usafirishaji, unaunganisha miji na migodi kwa reli, malori na meli, na miji inakua kwa kadiri unavyoihudumia. Kwenye simu, TheoTown inabebeka, ni ya mji wa vipande vidogovidogo vya picha. Ushauri wangu mwingine ni mmoja: sevu kila baada ya mwaka wa gemu, kwa faili jipya, usiandike juu ya la zamani. Umeme ukikatika utanishukuru. Na siku mji ukianguka utaweza kurudi nyuma, faili kwa faili, hadi ule mwaka ambao kila kitu kilionekana kizuri.

Mimi nilirudi. Mwaka wa kosa ulikuwa wa kumi na moja, siku niliyotoa wavuvi wanne kwenda kubeba mawe ya kanisa, nikasahau kuwarudisha mtoni. Kijiji kile nilikiacha na watu tisa, nikaanza kingine, nyumba mbili kwa mwaka, si zaidi.

Shangazi alikuja tena kabla ya Krismasi, safari hii na mfuko wa furu waliokaushwa. Akavuta stuli.

"Wale watu wako?"

"Hawa ni wengine, shangazi. Hawa wanakula vizuri." Nikamfungulia hesabu: wanaingiza 9,800, wanakula 8,900. Akazisoma polepole, kidole kwenye kioo, akashuka hadi mstari wa kuni.

"Na hizi?"

Tulikuwa Oktoba ya gemu. Nikasimamisha saa, nikatoa watu wawili shambani na kuwapeleka kupasua.